Majani Mbele ya Pijo Nyeupe

Kiti cha nyuma kilikuwa kimelowa.

Achille alikigusa tena, safari hii kwa kiganja chote, maana fundi anayejua kazi yake hapendi kudanganywa na kiti. Jana yake jioni alikuwa amemaliza kukivisha simili nyekundu, ile ngozi ya bandia. Aliivuta barabara, akaipigilia misumari midogo chini ya fremu, akakaa juu yake asikie springi zitasemaje, na springi hazikusema kitu. Mvua haikunyesha. Shitingi, lile turubai lililofunika ua, ilikuwa nzima, haina hata tundu. Lakini upande wa kulia wa kile kiti, pale mtu anapokaa akipanda kwa mlango wa nyuma, kulikuwa na maji meupe kidogo, yananuka kama maji yaliyooshewa mchele.

"Clotilde!" aliita. "Ni nani alimwaga maji ya mucele mu gari?"

Mke wake alikuwa jikoni anapepea makaa. "Mucele gani?" alijibu bila kutoka. "Tangu Bonana ya mwaka mupya umeona mucele mu hii nyumba?"

Alisema kweli. Vita vilikuwa vimefunga barabara ya Rutshuru, na kilichoingia Goma kutoka huko siku hizo kilikuwa watu, si chakula. Achille akapangusa kiti kwa tambara, akaendelea na kazi.

Gari lenyewe lilikuwa Pijo 404 ya baba yake, Muzee Léopold. Lilikaa juu ya mawe katika ua wao wa Katoyi tangu ule mwaka wa wakimbizi, mwaka ambao watu waliingia kutoka ng'ambo ya mpaka hadi mji ukakosa pa kukanyaga, kisha kolera, yaani kipindupindu, ikawafagia kando ya barabara. Mwaka ule ule muzee aliliegesha, akalifunika, akasema injini imekufa. Uongo mtupu. Siku Achille alipolifunua na kutia betri mpya, injini ilikohoa kidogo ikawaka. Lakini Léopold hakuwa mtu wa kuulizwa maswali. Alikuwa mzee mwenye afya ya kuchukiza, anakula vizuri, analala vizuri, na fimbo yake ilikuwa bado inajua njia ya kwenda kwenye mgongo wa mtu.

Achille alikuwa analitengeneza gari lile kwa sababu moja tu, na sababu hiyo iliitwa Bénita. Mungu alimpa mtoto mmoja, na huyo mmoja alikuwa anaolewa baada ya Noeli. Achille alikwisha kutangaza mtaa mzima kwamba binti yake atakwenda kanisani ndani ya Pijo nyeupe yenye viti vyekundu, na mtu akishatangaza mbele ya watu wa Katoyi hawezi tena kurudi nyuma. Alikata tole ya bodi iliyooza, akachomelea nyingine, akapaka mastiki ya kuziba mashimo, akapiga msasa mpaka vidole vikatoka damu. Alifanya yote hayo kwa raha. Alimpenda yule mtoto kupita kiasi.

Siku ya kwanza ya kazi alikuwa amekuta kitu mbele ya gari. Palikuwa na matawi ya mkaratusi, makavu kabisa, yamefungwa kwa waya pale mbele ya boneti. Goma nzima inajua maana yake. Gari linalobeba maiti hufungwa majani mabichi mbele. Watu wakiyaona hupisha njia, wenye pikipiki husimama, askari huvua kofia. Majani hayo hutupwa makaburini, maiti akishashuka, wala hayarudi nyumbani.

"Papa, na hii majani?" aliuliza.

Muzee Léopold alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, anakoroga uji wa mtama. "Ule mwaka kila gari ilibeba maiti. Hapana kunisumbua. Tupa."

Achille akayatupa jikoni, na Clotilde akawashia makaa.

Baada ya ile asubuhi ya kwanza ya kulowa, kesho yake kiti kililowa tena, na keshokutwa, upande ule ule wa kulia. Halafu yakaanza ya maji ya kunywa. Katoyi maji hayaji yenyewe. Mtu hupanga foleni na kidumu chake, au anamlipa mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, amletee. Clotilde akawa anajaza vidumu jioni, asubuhi anavikuta vyepesi, vifuniko vimekazwa vilevile alivyovikaza yeye. Nje ya uzio walikuwa wamelala watu waliokimbia kutoka Kiwanja, upande wa Rutshuru, na kati yao mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Clotilde hakutafuta mwingine. Alimtoa pale kwa ufagio, akampiga nao usoni mbele ya watu.

"Mwizi wa maji! Tunakuachia ukuta wetu, na wewe unatuibia!"

"Mama, sikuiba," yule mwanamke alisema. "Lakini angalia ile gari yenu. Iko inakunywa. Sisi wote tunaisikia."

Clotilde akaongeza ufagio. Wale watu wakakusanya mikeka yao wakaenda kulala kwingine, na vidumu vikaendelea kukauka.

Siku ile Achille alipoelewa ilikuwa mchana mweupe, jua limesimama katikati. Alikuwa amelala chali kwenye viti vya mbele, sindano mkononi, anashona kitambaa cha dari ya gari, na akilini mwake kulikuwa na hesabu ya vifungo tu. Nyuma yake springi zikalia, taratibu, kama zinavyolia mtu anapokaa. Alidhani ni Clotilde. Kisha akasikia mtu anakunywa. Haikuwa namna ya mtu kunywa akiwa na kiu ya kawaida. Ilikuwa gudu, gudu, gudu, bila kupumua, inaendelea tu, na kadiri ilivyoendelea ndivyo ile harufu ya mchele ilivyojaa ndani ya gari mpaka ikamkaa kooni, na alitaka kugeuza shingo asiweze, na alitaka kuita jina la mke wake asilikumbuke, na alipofaulu mwishowe kuinua kichwa juu ya mgongo wa kiti alimwona Bénita, mtoto wake, amekaa upande wa kulia, kidumu kizima amekiinua kwa mikono miwili kama kikombe, maji yanashuka kooni mwake bila kukoma na macho yake yamemtazama baba yake, makavu, hayapepesi.

"Bénita?"

Akashusha kidumu. Kilikuwa kitupu. "*Amazi*," alisema, kwa sauti ya mwanamke mwingine, mkubwa kuliko yeye, lafudhi ya vilima vya ng'ambo. Maji. Bénita Kinyarwanda chake kilikuwa cha kutaniana sokoni tu. "*Amazi*," alisema tena, na akaanza kuilamba ile simili iliyolowa.

Toka hapo hakushibishwa. Alikunywa maji ya vyombo, alikunywa maji ya kufulia na povu lake. Walimkuta amepiga magoti mbele ya Pijo, amefungua rejeta, anafyonza maji yenye kutu. Na jinsi alivyokunywa ndivyo alivyokauka. Mashavu yaliingia ndani, vidole vikakunjamana. Familia ya bwana harusi ilileta salamu, Clotilde akawajibu mlangoni kwamba binti ana malaria.

Muzee Léopold alimtazama mjukuu wake akifyonza rejeta, akahamisha kiti chake mbali kidogo.

Ndipo wakamwita Mama Louise. Alikuwa na chumba chake cha maombi kule Murara, mwanamke mnene, mpole wa kuongea, na watu walisema hajawahi kushindwa na pepo hata mmoja. Alikuja na wamama wake wa maombi, wakamkalisha Bénita chini sebuleni, wakapiga makofi na kuimba mpaka jasho likawatoka. Msichana alianza kutikisika. Mama Louise akamshika kichwa.

"Wewe pepo, jina lako nani? Ulikufa wapi?"

"*Ndi muzima*," ile sauti ikajibu. Mimi ni mzima. Kisha ikageuka ikasema Kiswahili, polepole, kama mtu anayetaka aeleweke hata na mtoto. "Mimi sikukufa. Mulinifunga majani, na mimi bado muzima. Nipeni maji."

Mama Louise alicheka. "Mumesikia? Pepo ni muongo tangu mwanzo. Anasema yeye ni muzima!" Akageukia wenye nyumba. "Lakini hii ya majani, nani anajua habari yake?"

Achille alimtazama baba yake. Clotilde naye alimtazama.

"Nilibeba maiti ya mwanamke mumoja, mukimbizi," Léopold alisema. "Ule mwaka. Nikaipeleka kwa malori yenye yalikuwa yanabeba maiti. Njo hivyo tu."

"Alikuwa amekufa, muzee? Hakika? Kama iko kitu ingine, sema sasa. Dawa ya maiti na dawa ya mutu muzima haiko moja."

Fimbo ilipiga sakafu. "Unaniita muongo mu nyumba yangu? Maiti ni maiti!"

Mama Louise akakubali, maana ni nani atamwambia mzee wa watu kwamba anadanganya? Akatoa hukumu yake. Pepo huyu ni wa kiu, chakula chake ni maji, basi akatwe maji. Binti atafunga kavu mpaka Jumapili. Wasimpe chakula wala tone la kulowesha ulimi.

"Atalia," alisema, na bado alikuwa mpole vilevile. "Atawaita kwa sauti ya mutoto wenu. Si yeye. Ni pepo njo analia. Mwenye kumuhurumia ndiye atamuua."

Wakamfungia chumbani. Madirisha wakayapigilia mbao zilezile Achille alizokuwa amenunua za kutengenezea fremu za viti. Clotilde alifunga funguo kiunoni, akakaa jikoni na kanga masikioni. Wamama wa Murara waliimba uani kwa zamu, na chini ya nyimbo zao, kwa mwenye kutaka kusikia, kulikuwa na sauti mbili nyuma ya mlango. Moja iliomba kwa Kinyarwanda. Nyingine ilikuwa ya Bénita.

"Papa, ni mimi. Yeye ameenda, niko peke yangu. Papa, ulimi yangu imeshikana. Kidogo tu. Kwa kifuniko ya kidumu, papa."

Achille alikuwa amesimama pale nje, na mkononi alikuwa na kikombe kimejaa. Hakujua alikichota saa ngapi. Chini ya mlango palikuwa na nafasi. Vidole vya mtoto wake vilikuwa vimetokeza hapo, vyeupe, kucha zimekuwa za buluu, vinapapasa sakafu kutafuta mguu wake. Alilia. Alilia kwa uchungu wa kweli, asije mtu akasema hakumpenda. Kisha akainamisha kikombe akamwaga maji yote kwenye sakafu ya mawe, mbali na vile vidole, ili asije akashawishika, na vile vidole vikasikia maji yanaanguka.

Asubuhi iliyofuata kiti cha nyuma kilikuwa kikavu. Achille alikigusa mahali pote. Simili ilikuwa safi, haina harufu, na wamama wa maombi wakapiga vigelegele wakizunguka gari. Kama pepo hayumo garini, hakuna aliyeuliza yumo wapi.

Jumapili haikufika. Mabomu ndiyo yalifika kwanza, upande wa uwanja wa ndege, na waasi nyuma yao. Mama Louise na watu wake walikimbia bila hata kusema amina. Clotilde alifungua mlango. Bénita alikuwa amelala karibu na kizingiti, midomo imepasuka, na Achille alipomfinya ngozi ya mkono, ngozi ilibaki imesimama. Mama yake alimmiminia maji kinywani. Yalirudi yote, meupe, yakinuka mchele.

"Hopitali!" Clotilde alipiga kelele. "Achille, washa gari, mutoto anakufa!"

Wakamlaza kwenye kiti chekundu. Léopold, ambaye hakuna aliyemwalika, alikuwa amekwisha kupanda mbele, maana hakutaka kuachwa nyumbani na mabomu.

Barabara kuu ilikuwa imejaa watu, ukuta kwa ukuta. Wote walikuwa wanaukimbia mji kwenda Sake, na Pijo peke yake ilikuwa inakwenda mjini. Chukudu zilizobeba magodoro, mbuzi, wazee ndani ya mikokoteni, askari waliovua sare. Achille alipiga honi mpaka honi ikachoka. Clotilde alishuka akatangulia kwa miguu, anawasukuma watu vifuani, anawaambia ana mgonjwa, na walimjibu kwamba na wao wana wagonjwa. Gari halikusogea hata hatua.

"Maji," Bénita alisema nyuma.

"Funga majani," alisema Léopold.

"Nini?"

"Majani, mbele. Ona ile karatusi pale kwa uzio. Kata, funga. Batu batatupisha."

Achille aligeuka akamtazama. "Ulijuaje?"

"Si nilishafanya? Barabara ilikuwa vilevile kama leo. Nilikuwa na ule mwanamke nyuma, analia maji, maji, ananichafulia kiti. Ndugu yake aliniomba nimufikishe kwa baganga. Nikafunga majani, barabara ikafunguka." Muzee alipangusa kioo kwa mkono aone vizuri. "Sasa pale mbele, bale ba malori baliona majani, bakafungua mlango, bakamuchukua, bakamutupa juu ya bengine. Niseme nini mimi? Majani ilikuwa imeshasema."

"Alikuwa muzima?"

"Alikuwa anapumua. Kidogo."

"Na Mama Louise alikuuliza! Alikuuliza, papa, mbele yetu!"

"Nimuambie mambo yangu mwanamke wa Murara?"

Achille alikunja ngumi, na angempiga baba yake pale pale, lakini bomu lilianguka karibu, watu wakafurika juu ya boneti, na nyuma mtoto wake alisema tena "maji" kwa sauti ambayo ilikuwa imebaki pumzi tu. Alijua sasa. Lazima isemwe kwamba alijua. Alishuka, akavunja matawi mabichi kwenye ule uzio, akayafunga mbele ya boneti kwa waya.

Barabara ikafunguka. Wanaume walivua kofia, wenye chukudu walizivuta kando, na mbele kabisa Clotilde, aliposikia umati umenyamaza, aligeuka nyuma akaona gari lake linakuja na majani. Alianguka chini. Alipoinuka alikuwa amekwisha kufungua kitambaa kichwani na analia kilio cha msiba. Wanawake wasiomjua walimshika mikono wakaanzisha wimbo wa kuzika, wakatembea naye mbele ya Pijo, na Achille alitoa kichwa dirishani akapiga kelele kwamba mtoto ni mzima, ni mzima jamani, lakini ni nani atamsikiliza baba wa marehemu, wote hao husema hivyo, na kadiri alivyopiga kelele ndivyo walivyomwimbia kwa huruma zaidi, na nyuma yake, chini ya wimbo, njia nzima, alisikia sauti ya Bénita ikisema, "Papa, mimi niko muzima," naye akajibu, "Ndiyo, mama, uko muzima, tunafika," na ikasema tena, naye akajibu tena, mpaka kwenye lango la hospitali.

Mlinzi alivua kofia, akawaelekeza upande wa maiti.

Muuguzi aliyefungua mlango wa nyuma alimgusa Bénita shingoni, kisha mkono, akajaribu kuukunja ule mkono ukakataa. "Papa," alisema taratibu, "uyu alikufa tangu jana."

"Aliongea na mimi hapa njiani. Sasa hivi. Aliongea!"

Muuguzi hakubishana naye. Siku ile watu wengi walimwambia maneno kama hayo.

Walimzika. Waasi waliingia mjini, wakakaa, wakatoka, na nyanya zikarudi sokoni. Clotilde hakusema tena na mtu yeyote wa nyumba ile. Muzee Léopold alikula vizuri, akalala vizuri. Kwa wale waliokuja kutoa pole alisema kwamba angalau gari limepona.

Kiti cha nyuma kikalowa tena, asubuhi ya kwanza baada ya maziko. Sasa kililowa pande mbili, kulia na kushoto. Katikati palibaki pakavu, nafasi ya mtu mmoja. Achille aliweka vikombe viwili vya maji, kile cha kushoto akakitia sukari, kama Bénita alivyopenda tangu utotoni. Jioni vilikuwa vitupu. Akafanya hivyo kila siku, na hakuona aibu majirani walipomwona anaongea na gari.

Kisha ikafika asubuhi ambayo vikombe vilikuwa vimejaa, havikuguswa.

"Papa," Bénita alisema kutoka kushoto. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya kawaida, kama anaomba chumvi mezani. "Hatutaki tena maji."

Achille hakuuliza wanataka nini. Alichukua panga, akatoka kwenda kwenye mikaratusi, akarudi na matawi mabichi, akayafunga mbele ya Pijo kwa waya, moja moja, kwa uangalifu wa fundi. Muzee Léopold alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, anakoroga uji wa mtama. Kijiko kikasimama.

"Ni nani amekufa?"

Mlango wa nyuma ulikuwa umekwisha kufunguka wenyewe. Achille alikuja akachukua bakuli kutoka mikononi mwa baba yake, akaliweka chini, akamshika kwapani kumwinua.

"Ingia, papa," alisema. "Batatupisha."